Mkaguzi wa Magereza: Mgeni au Shahidi?

Katika kazi ambazo serikali humpa mtu azifanye kwa niaba yetu sote, iko moja ambayo watu hawaifikirii, nayo ni kazi ya mkaguzi wa magereza. Hakimu twamjua, askari twamjua, na bwana jela twamsikia. Bali yule aingiaye gerezani kwa siku mbili tatu na daftari mkononi, kisha akatoka akaenda zake, hatumwulizi alikwenda kutazama nini, wala alipotoka alisema nini. Leo twataka kumwuliza. Mtu aliyetumwa kutazama, akaona maovu, akanyamaza ili asifungiwe mlango siku nyingine, je, ametumia busara, au ameshiriki maovu yale?

Tusilijibu swali hili upesi, kwa kuwa wako watu wema waliolijibu kwa njia mbili zinazopingana.

Kwanza yafaa tuijue kazi yenyewe. Mkaguzi huhesabu watu, akalinganisha hesabu yake na nafasi iliyopo. Hufungua daftari la gereza akaitazama hati ya kila mmoja: nani aliyemleta, kwa kosa gani, na siku gani atoke. Jambo hili laonekana kuwa la karani tu. Walakini mtu aliyepaswa kutoka Jumatatu akatolewa Ijumaa ameibiwa siku nne za maisha yake, na mwizi si bwana jela peke yake, maana gereza lile ni letu. Kisha mkaguzi huenda jikoni akapima posho kwa mizani, si kwa macho. Hutazama maji, vyoo na dawa. Mwisho huomba afunguliwe vyumba vya adhabu, akauliza aliyemo aliingia lini. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, ambazo tangu mwaka 2015 huitwa Kanuni za Nelson Mandela, zakataza kumweka mtu peke yake, saa 22 au zaidi kila siku pasipo kukutana na watu kwa maana ya kweli, kwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Lakini kanuni haiwezi kuhesabu siku. Lazima awepo mtu wa kuzihesabu.

Mtu huyo zamani hakuwapo. Mwaka 1773 Mwingereza mmoja, John Howard, alifanywa mkuu wa wilaya ya Bedford, na kwa cheo hicho jela ya pale ikawa mikononi mwake. Yeye alikwenda kuitazama mwenyewe, kwa macho yake. Labda alisukumwa na jambo lililompata mwaka 1756, alipokamatwa baharini na Wafaransa akafungwa Brest, akaonja njaa na baridi ya sakafu. Huko Bedford alikuta watu waliokwisha kuhukumiwa kuwa hawana hatia, nao wangali ndani. Sababu yake? Walikuwa hawajalipa ada ya bwana jela. Bwana jela hakuwa na mshahara. Aliishi kwa ada za wafungwa. Howard akaomba wilaya imlipe mshahara. Wakubwa wakamjibu: tuonyeshe wilaya nyingine ifanyayo hivyo. Basi akapanda farasi akaenda kutafuta mfano katika wilaya za jirani, na kila alikofika akakuta dhuluma ile ile.

Alitembea jela baada ya jela hata nguo zake zikanuka, asiweze kusafiri ndani ya gari lililofungwa madirisha. Ndiyo maana alipanda farasi. Daftari lake nalo alikuwa akilianika mbele ya moto kabla ya kulitumia. Mwaka 1774 aliitwa mbele ya Bunge, na mwaka huo huo zikatungwa sheria mbili: moja ya kuwaachilia bila ada walioonekana hawana hatia, na moja ya kulinda afya za wafungwa. Alikufa mwaka 1790 kwa homa katika mji wa Kherson, akiwa bado safarini.

Sisi hatumtaji Howard ili tumsifu tu, maana wamemsifu wengi. Twamtaja kwa sababu alifanya jambo ambalo wakaguzi wengi hawalifanyi hata leo: aliona dhuluma, asitosheke kumlaumu mtu aliyeshika ufunguo. Aliuliza yule mtu hula nini. Kumbe uovu wa jela ya Bedford ulitoka katika desturi ya wilaya ya kutaka jela bila kuilipia, na waheshimiwa walioishikilia desturi hiyo hawakuwa na damu mikononi hata kidogo.

Sasa turudi kwa mkaguzi na mlango wake. Kwetu mgeni akifika hupewa kiti, maji na chai. Hukaa barazani, na hata akilala siku tatu hapaswi kuchungulia chungu jikoni. Ni adabu njema nyumbani, walakini adabu hiyo hiyo ndiyo iharibuyo ukaguzi. Siku ikijulikana mapema, kuta hupakwa chokaa, mablanketi hugawiwa asubuhi na kukusanywa jioni, mnyapara mwenye fimbo huambiwa asionekane, na wafungwa hufundishwa kujibu kwa sauti moja, "Hatuna shida, afande." Mkaguzi hunywa chai yake, husaini kitabu cha wageni, akapanda gari. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini gerezani mwenyeji ni nani? Bwana jela hujidhani kuwa ni yeye. Sisi twadhani wenyeji ni wale wasioweza kutoka jioni ikifika.

Wakristo tumefundishwa kwamba kuwatembelea wafungwa ni tendo la huruma, na twapenda wasomaji wetu waendelee kulifanya. Ila tusichanganye mambo mawili. Atembeleaye kwa huruma huchukua sabuni, hutoa faraja, hushukuru kuruhusiwa. Mkaguzi hakuja kwa huruma, bali kwa haki, wala hapaswi kumshukuru mtu kwa kumfungulia.

Uingereza, mwezi wa Desemba mwaka 1995, Mkaguzi Mkuu mpya, David Ramsbotham, jenerali mstaafu, alikwenda kukagua gereza la wanawake la Holloway, London. Alikuta uchafu, panya, na wanawake waliofungiwa ndani saa nyingi mno. Kabla ya ukaguzi kwisha aliwakusanya wakaguzi wake, wakaondoka, na nchi nzima ikasikia. Wako waliomlaumu: mkaguzi amalize kazi yake, aandike, apeleke. Sisi twaona alitenda vema. Kuendelea kuandika kwa utulivu, ukurasa baada ya ukurasa, katika mahali pasipofaa watu kukaa, ni namna ya kusema kwamba pale pana kasoro tu. Walakini tukiri pia kwamba Ramsbotham aliweza kutoka kwa kishindo kwa sababu alijua sheria itamrudisha. Si kila aingiaye gerezani ana sheria nyuma yake.

Hapo ndipo swali letu linapokuwa gumu, na mfano wake si wa mbali. Katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ya Kenya iliwaweka watu maelfu kwa maelfu katika kambi za kizuizini. Eileen Fletcher, mwanamke wa Kiingereza aliyeajiriwa kazi ya kuwarekebisha waliofungwa, aliiacha kazi, na mwaka 1956 akayatangaza kwao Uingereza aliyoyaona, yakiwamo mambo ya wasichana wadogo waliofungwa Kamiti. Wakubwa wa serikali wakajitahidi kumkanusha. Alisema yote, na kwa kuwa alisema yote, hakuweza tena kurudi kuona lolote.

Mwaka 1957 wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu nao walifika katika kambi hizo. Desturi ya Kamati hiyo yajulikana: huikabidhi serikali taarifa yake kwa siri, isiitangaze, ili iruhusiwe kuingia tena kesho, na kuingia kwingine ambako hakuna jicho jingine lolote. Tusiwadharau watu hawa. Wako wafungwa wengi duniani walioandikiwa majina yao na kupelekewa barua za mama zao kwa sababu tu mjumbe mmoja alijua kufunga kinywa.

Kisha ukaja mwezi wa Machi 1959. Tarehe 3, katika kambi ya Hola, karibu na mto Tana, watu 85 waliokataa kazi walitolewa nje walazimishwe kufanya kazi. Walipigwa na askari hata 11 wakafa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji! Uchunguzi wa maiti ulionyesha walikufa kwa kupigwa. Na jambo lililo zito kwetu ni kwamba hayakuwa mambo ya askari waliolewa. Palikuwa na mpango ulioandikwa wa kuwalazimisha watu wale kufanya kazi, nao ulipita mikononi mwa maofisa wenye elimu na adabu. Ilipofika tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ilitamka Bungeni kwamba inajuta kwa mateso ya kambi zile, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228. Tangu siku ya Hola ilikuwa imepita miaka 54.

Hatusemi kwamba ukimya wa yeyote ndio uliowaua watu wa Hola; hatuna haki ya kusema hivyo. Twasema kwamba ukimya ni wa namna mbili, na kosa ni kuzichanganya. Uko ukimya unaomlinda mfungwa. Mkaguzi hutoka saa kumi jioni, lakini yule aliyemnong'oneza habari hubaki, na usiku ni mrefu. Kulificha jina lake ni wajibu, na mkaguzi asiyelificha ni hatari kuliko kutokuwapo kwa mkaguzi. Na uko ukimya unaomlinda mkaguzi: cheo chake, gari lake, urafiki wake na wakubwa, na ruhusa yake ya kurudi. Aina hii ya pili hujivika nguo za ile ya kwanza. Mtu husema, nanyamaza kwa ajili yao, naye ananyamaza kwa ajili ya nafsi yake. Na pengine hata mwenyewe hajui. Basi na ajiulize: nikitangaza habari hii bila jina la mtu, ni nani atakayeumia? Ikiwa atakayeumia ni ofisi tu, ukimya wake hauna udhuru.

Dawa ya kweli ni kumwondolea mkaguzi haja ya kuununua mlango kwa ukimya. Kanuni za Mandela zataka ukaguzi wa pande mbili, wa idara yenyewe na wa chombo cha nje kisicho chini yake. Mkaguzi achague mwenyewe gereza la kwenda, afike pasipo kutoa habari, aseme faraghani na wafungwa na askari, na ikiwezekana taarifa itangazwe bila kufichua habari za mfungwa asiyeridhia. Hapa Tanzania, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyowekewa sheria mwaka 2001, ina mamlaka ya kuyatembelea magereza. Mamlaka ni ufunguo. Ufunguo usiotumika hushika kutu kama kitu kingine chochote cha chuma.

Vijana wafikirio kazi hizi wataka kujua kama ni kazi za heshima. Ni za heshima, na ni ngumu. Askari magereza naye huishi kando ya ukuta ule ule. Watoto wake hulala kwa kengele ya gereza. Akiwa peke yake juu ya watu mia, hofu yake ni ya kweli, na mtu mwenye hofu huokota fimbo upesi. Mkaguzi asiyezungumza na askari amekagua nusu ya gereza. Watu huuliza kama mkaguzi afaa atoke miongoni mwa askari au nje. Aliyetoka ndani anajua vitu hufichwa wapi, lakini alifunzwa Ukonga pamoja na huyu bwana jela, na alikula harusini kwake. Wa nje hana harusi ya kukumbuka. Ila huonyeshwa stoo, naye asijue kwamba ziko mbili. Kwa hiyo waende wote wawili, na mganga awe pamoja nao.

Na waende mara ya pili. Taarifa nyingi njema zimefia katika sanduku la meza, kwa kuwa aliyeandikiwa hakulazimishwa kujibu. Mkaguzi arudi akiwa na taarifa ya kwanza mkononi, aisome mstari kwa mstari mbele ya mlango ule ule, jikoni apime tena kwa mizani ile ile. Kisha katika faragha, bila kueleza sababu, aombe kuonana na watu kadhaa kwa majina, na miongoni mwao awemo yule aliyesema naye mara ya kwanza. Akiambiwa kwamba amehamishwa, aulize wapi, na aende huko siku hiyo hiyo.