Mchoraji Aliyetubu na Michoro Iliyobaki

Katika miaka ya 1890 hapa kwetu Magila misheni ya UMCA ilipiga chapa gazeti la Kiswahili, Habari za Mwezi. Miaka hiyo hiyo, mwaka 1894, kule London lilianza gazeti la jalada la manjano, The Yellow Book, na picha zake nyingi zilichorwa na kijana wa miaka 21, Aubrey Beardsley. Alichora kwa wino mweusi mtupu, maana ufundi mpya wa bamba la zinki uliweza kunakili mstari wa kalamu kama ulivyo, kwa gharama ndogo. Tuliozitazama picha zake tunakiri kwamba mkono ule ulikuwa na kipaji. Lakini alichora na mambo ya aibu pia. Yeye na wenzake waliitwa watu wa uozo, na baadhi yao waliipokea sifa hiyo kwa majivuno.

Kijana huyu hakuwa mpagani. Utotoni, huko Brighton, alisali katika kanisa la Anglikana lenye desturi zile zile za ubani na kuungama tulizoletewa na UMCA. Kifua kikuu kilimwandama tangu utoto. Mwaka 1896 alichora picha 8 za mchezo wa kale wa Kiyunani, Lysistrata, na mchapishaji wake, Leonard Smithers, akatoa nakala 100 za kuuzwa kwa faragha. Machi 1897 alipokewa katika Kanisa la Roma (kwa hilo hatugombani naye). Tarehe 7 Machi 1898, akiwa hoi huko Menton, Ufaransa, alimwandikia Smithers akimsihi aharibu nakala zote za kitabu kile na michoro yake yote michafu. Smithers hakuiharibu.

Je, alikosa? Wako watakaosema kazi ile ilikwisha kuwa mali yake, na kwamba dunia ingepata hasara. Mwaka 1966 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilionyesha kazi za Beardsley kwa heshima kubwa, na mwaka huo huo polisi wa mji ule ule wakakamata nakala za michoro yake dukani. Basi hata wenyewe Waingereza walikuwa hawajakata shauri.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za Waefeso waliochoma vitabu vyao vya uganga, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Lakini wale walichoma vilivyokuwa mikononi mwao. Toba ya Beardsley ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Tusidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Leo binti humpelekea mtu picha kwa simu, kisha hutubu, huungama kwa padre na kuondolewa dhambi, na picha ingali kwa mwenzake. Anaomba ifutwe. Anajibiwa, "Ulinipa mwenyewe, ni yangu." Sisi twasema wazi, si yake. Anayeshika alama ya dhambi ya mwenzake baada ya kuombwa aiachie, anamzuilia mlango wa kurudi nyumbani.

Mtu ataweza kutujibu kwamba binti yu hai na huumia, lakini marehemu michoro yamwumiza nini? Jibu hilo lina nguvu, nasi lilitusumbua. Hata hivyo hapa Bonde mzee akiusia jinsi ya kugawa michungwa yake, ukoo hukaa na kuutimiza wasia wake, ingawa yeye hali tena machungwa. Iweje wasia wa miti uheshimiwe, na wa toba utupwe?

Kumbe iko njia ya tatu. Mtakatifu Agostino, karibu na mwisho wa maisha yake, mwaka 427 hivi, alivipitia vitabu vyake alivyoandika tangu ujana, akaandika kando yake palipokosewa. Hakuvichoma. Aliviacha, na sahihisho lake likaenda pamoja navyo. Lakini Agostino alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70, na kalamu yake ingali na nguvu. Beardsley alikuwa na miaka 25, na tangu siku aliyoandika barua ile hata kufa kwake, tarehe 16 Machi, zilibaki siku 9.