Je, Habari ya Hatari ni Mali ya Nani?

Ninyi nyote mwajua jinsi habari inavyotembea katika mji wetu wa Bukavu. Asubuhi mkuu wa avenyu ameitwa komini. Saa sita mama wauzaji wa soko la Kadutu wamekwisha kujua aliyoambiwa. Jioni habari ile ile imefika Bagira, lakini njiani imeota mkia na pembe. Asubuhi ilisemwa kwamba mitaro izibuliwe kabla ya mvua. Jioni yasemwa kwamba nyumba zote zilizo kando ya mitaro zitabomolewa, tena kesho. Twacheka, twaendelea na kazi. Lakini siku nyingine si jambo la kucheka, na leo twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali moja: mtu aliyesikia habari ya hatari ana deni gani kwa jirani yake?

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana si vema kufundisha kabla ya kuungama.

Mwakumbuka mwaka 2021. Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei, mlima Nyiragongo ulipasuka, na moto ukashuka hata karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Watu hawakuwa wameonywa. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, aliamuru watu wa mitaa kumi ya mji ule waondoke, kwa sababu wataalamu waliona dalili za moto chini ya mji na hata chini ya ziwa. Watu maelfu kwa maelfu wakashika njia ya Sake kwa miguu, wengine wakavuka kwenda Rwanda, wengine wakapanda mashua wakaja kwetu. Tuliwapokea bandarini, wamechukua magodoro na masufuria, na watoto waliolala mabegani.

Usiku mmoja wa siku zile tulipata ujumbe wa sauti katika simu. Mtu asiyejitaja jina alisema kwa haraka kwamba usiku ule ule ziwa litatoa gesi, na kila akaaye karibu na maji apande juu. Basi, gesi ya ziwa Kivu si hadithi ya kutishia watoto. Chini ya maji yake mna gesi nyingi sana, ile ya metani na ile ya kaboni dioksidi, na ng'ambo huko Rwanda wanaivuta metani hiyo na kutengeneza umeme. Mwaka 1986 ziwa Nyos katika nchi ya Kameruni lilitoa gesi usiku, likaua watu zaidi ya 1700. Na wakaaji wa Goma na Sake wana neno lao, mazuku, yaani hewa mbaya ikaayo mabondeni, iuayo mbuzi na hata mtoto aliyetumwa kumfuata mbuzi. Kwa hiyo ujumbe ule ulikuwa na chembe ya kweli ndani yake, na chembe ile ndiyo iliyotudanganya.

Hatukuuliza neno. Tuliupeleka ujumbe kwa kundi la simu la shirika letu, nyumba zipatazo arobaini, na juu yake tukaongeza maneno yetu wenyewe: “Ndugu, tusipuuze.” Mama mmoja mjane, mtu mzima, akawaamsha wajukuu wake wawili, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, akaanza kupanda kilima gizani. Akateleza, akaanguka mtaroni, akavunjika nyonga. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama siku zote, na wavuvi wa sambaza walikuwa wakirudi na nyavu zao.

Tulipokwenda kumwomba radhi kitandani, hakutukemea. Alisema tu, “Mwalimu, ile sauti ya simu sikuijua. Yako niliijua.”

Tumeyatafakari maneno yale mara nyingi. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kwamba uongo ni kusema lile ambalo moyo wajua si kweli. Kwa kipimo hicho sisi hatukusema uongo, kwa maana tulisadiki. Hata hivyo mama yule alivunjika. Twadhani kosa letu lilikuwa hili: tulimwazima jina letu mtu tusiyemjua. Mama hakusadiki habari, alimsadiki mwalimu wake, na imani hiyo haikuwa mali yetu ya kugawa ovyo. Aliiweka kwetu kama vile mtu anavyoweka fedha kwa jirani wakati wa safari.

Wako wanaojitetea kwa mithali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mithali ni mali ya wazee wetu, nasi twaiheshimu. Lakini hii imetumiwa kama hati ya ruhusa. Mwaka 2008, Dominika tarehe 3 Februari, asubuhi, watu wengi wakiwa Misani, nchi ilitetemeka. Wenye vyombo vya kupimia walisema tetemeko lilikuwa la 5.9. Waliokufa wengi walikuwa ng'ambo ya Ruzizi, wengine wao ndani ya makanisa. Sisi tulikuwa vijana wa shule, na twakumbuka jinsi habari zilivyozuka baada yake: litakuja jingine kubwa zaidi, siku fulani, saa fulani. Sasa sikilizeni, maana jambo hili lafaa kila nyumba ilijue: hakuna mtaalamu yeyote duniani awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko. Aweza kusema kwamba nchi yetu ni ya matetemeko, na kwamba likipita kubwa huenda yakafuata mengine. Akitaja saa, mjue hana elimu hiyo, hata kama ujumbe wake una mhuri wa wizara. Vivyo hivyo Februari 2025, siku zile M23 walipoingia Bukavu, kila simu ilikuwa redio, na kila redio ilikuwa na jeshi lake na barabara yake. Ni nani kati yetu hakukimbilia upande mmoja asubuhi na upande mwingine jioni?

Je, basi, tufunge vinywa mpaka wakubwa waseme? Hapana, hilo nalo ni baya, pengine baya zaidi. Mwezi Mei mwaka 2023, huko Kalehe, maji na mawe yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walipita 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Mtu aliyeona mto ukibadilika rangi mlimani, akanyamaza kwa kuogopa kuitwa mzushi, angejibu nini siku ile? Na huku Kadutu, nyumba za mbao zinaposhikana ukuta kwa ukuta, mtu aonaye moshi hapaswi kwenda komini kuuliza. Apige kelele.

Twaona kuna njia ya kupima, ingawa haiandikwi mahali. Tuangalie habari yetu inamtaka jirani afanye nini. Kama yamtaka atoke nje kwa saa moja atazame paa lake, ikiwa si kweli amepoteza saa moja tu. Twaweza kusema upesi. Kama yamtaka aache nyumba usiku, na mjukuu mgongoni, basi hatuna ruhusa ya kusema kwa sababu tu tumesikia. Kadiri tunavyomdai mengi, ndivyo tunavyopaswa kuwa na hakika. Tena tuseme asili ya habari: nimeona kwa macho, au nimeambiwa na fulani, au nimeipata katika simu wala sijui imetoka wapi. Maneno haya machache yangaliokoa nyonga ya mama yule, maana angaliwapigia jamaa zake wa pwani kwanza.

Mtasema: hata Jenerali Ndima alionya, na mlipuko wa pili haukuja, watu wakarudi Goma mwezi wa Juni. Ni kweli. Lakini alisema sababu yake na vyombo vilivyoonyesha hatari, na akataja mitaa. Onyo lisilotimia si lazima liwe uongo. Tena tarehe 29 Mei serikali yenyewe ilitangaza kwamba kilima cha Murara kimelipuka, kisha baada ya muda mfupi ikajisahihisha. Watu walicheka. Sisi tulitamani tungalifanya vile usiku ule, lakini tulikuwa tumelala.

Na wakubwa wetu? Juu yao tuna neno moja au mawili, kwa heshima. Kuna wasemao: tusiwatangazie watu, watafadhaika. Twajibu kwamba watu hufadhaika zaidi kwa kunyamaziwa. Ofisi ikinyamaza, soko husema. Kisha lugha. Kifaransa ndicho lugha ya serikali, na Katiba ya mwaka 2006 yasema hivyo. Lakini Katiba hiyo hiyo yakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Tangazo la kwamba kilima kitaporomoka, likibandikwa ukutani kwa Kifaransa tu, mama auzaye ndizi hulipita kila siku akilitazama kama picha. Je, ameonywa? Karatasi yasema ndiyo. Radio Maendeleo, iliyoanzishwa mjini humu mwaka 1993, ilitambua jambo hilo zamani, ikasema na watu kwa Kiswahili. Nasi makatekista, mara ngapi tumesimama baada ya Misa kutafsiri karatasi ya komini, tukijua kwamba neno moja likipotea hapo, limepotea kwa parokia nzima!

Lakini hesabu ya kosa letu haikuishia kwa mama mjane. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, mvua zikiwa nyingi, mkuu wa avenyu alitujia. Alikuwa ameona ufa juu ya nyumba tatu zilizo ukingoni mwa korongo, ufa wa kuingia mkono. Twende naye tukautazame. Tukaenda, tukautia mkono wenyewe. Dominika tukatangaza kwamba watu wa nyumba zile walale mahali pengine. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, “Mwalimu, na hii nayo imetoka katika simu?” Watu wakacheka, nasi hatukuwa na haki ya kuwakasirikia. Hakuna aliyehama. Usiku wa tatu udongo ulishuka, ukasukuma ukuta wa nyumba ya katikati juu ya vitanda. Wenye nyumba walikuwa kwenye kilio cha jirani, wamekesha huko wote na watoto. Si sisi tuliowaokoa. Yule marehemu ndiye aliyewaokoa.

Baada ya juma moja tulipita pale. Baba wa nyumba alikuwa juu ya ngazi, akirudisha mabati yale yale juu ya mbao zile zile, mahali pale pale. Mlangoni palikuwa na msalaba wa rangi nyekundu, alama ya kwamba nyumba ni ya kubomolewa. Mvua ya siku mbili ilikuwa imeanza kuufuta. Tulimwambia kwamba ufa ungalipo, tumeuona asubuhi ile kwa macho yetu, tena umeongezeka.

Akashuka, akatufuta kiti. “Mwalimu,” akasema, “safari hii nakusadiki. Umesema kweli. Sasa uniambie na pa kwenda.”

Chumba cha parokia kilikuwa kimejaa tangu mwezi uliopita. Kiwanja tambarare katika Bukavu hii ya milima, mwajua bei yake. Tulikaa kwenye kiti chake tukitazama ziwa. Yeye alikuwa amesimama, misumari miwili midomoni, akingoja tumjibu.