Kipimo na Nyongeza

Katika kuuziana chakula mna swali lisilo la fedha peke yake: je, muuzaji akishampa mnunuzi kipimo kamili, amemaliza wajibu wake kwake? Twapenda kulitazama swali hili katika nchi mbili, Uingereza na Tanzania, ambazo desturi zake katika jambo hili hudhaniwa kuwa mbali kabisa.

Mwaka 1950 kampuni ya Sainsbury's ilifungua duka la kujihudumia huko Croydon, kusini mwa London. Mnunuzi aliyezoea kusimama mbele ya meza na kukatiwa jibini huku akizungumza na muuzaji, sasa alijichukulia mwenyewe vitu vilivyokwisha kupimwa na kufungwa. Hakupunjwa. Ila mkono wa kumwongezea haukuwapo tena.

Kwetu, mwenye fungu la nyanya hutia moja juu. Na mama lishe anapomfungia mteja wali na maharage huombwa mchuzi zaidi, naye huongeza bei ikiwa ile ile. Anayenyimwa nyongeza huondoka na haki yake yote, na bado moyoni huona amedharauliwa. Je, tuseme basi kwamba sisi ni wakarimu na Waingereza ni mabahili? La hasha! Katika maduka ya samaki na chipsi za kufungiwa kaskazini mwa Uingereza, hasa Yorkshire, mteja akiomba huweza kupewa bure vipande vya unga vilivyobanduka samaki alipokuwa akikaangwa. Na supamaketi za Dar es Salaam hazimtilii mtu nyanya ya juu. Nyongeza hukaa pale watu wawili wanapotazamana, wawe wa taifa lolote.

Lakini yatubidi tuulize pia nyongeza hiyo inatoka mfukoni mwa nani. Mama lishe hutoa mchuzi wake mwenyewe. Sivyo ilivyo kwa lumbesa, yaani gunia la viazi au vitunguu linalojazwa kupita mdomo wake, likafumwa kamba juu kama kofia, kisha likalipwa kama gunia moja. Sheria imeweka kikomo cha kilo 100, na Wakala wa Vipimo huwakamata wanaokipita; hata hivyo lumbesa haijaisha. Mchuuzi huiita desturi. Mkulima, ambaye viazi vyake vimekwisha kuchimbwa na lori limekwisha kufika shambani, hana nguvu ya kukataa, na kitu kisichoweza kukataliwa hatuoni kwa nini kiitwe ukarimu. Huenda hata ile nyanya ya juu tunayoipokea kwa shukrani imetokana na mazao ambayo mwenyewe hakulipwa.

Kwa mkulima huyo, mizani kavu ya Croydon ingekuwa neema. Nasi tunaokula nyongeza sokoni hatustahili kumwambia kwamba kupima sana si utamaduni wetu.