Mizizi Haiulizi Hati

Ndugu zangu waumini wa Tarime na Serengeti, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu.

Ukivuka Sirari ukashuka hadi pwani ya Kenya, karibu na Watamu, utakuta msitu wa Gede. Humo umo mji wa Waislamu wenzetu. Msikiti wa Ijumaa upo, na mihrabu yake ingali inaelekea Makka. Kasri lipo, visima vipo, na kaburi moja limeandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Wenyewe walikula kwenye bakuli za Uchina, wakauzungushia mji ukuta, kisha ukuta wa pili. Karne ya 17 ikawakuta wamehama. Wengine wanataja visima kukauka, wengine uvamizi. Hukumu yao iko kwa Mola wao. Leo ukipita vijia vyake, kima wanaruka juu yako na mizizi imezikumbatia kuta. Haikuuliza ukuta wa nani, wala mpaka ulipita wapi.

Surat al-Hajj inatutajia kisima kilichoachwa na kasri lililojengwa imara. Asiyefika Gede na aende Ikoma, hapa Serengeti, alitazame boma la mawe la Wajerumani. Walijiona wenye nchi. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawaondoa, wakaja Waingereza, nao wakaenda zao.

Sasa tujiulize, ndugu zangu. Tumewazika vijana wangapi kwa ajili ya mpaka wa shamba? Jiwe linasogezwa usiku, alfajiri linapigwa yowe, mapanga na mishale vinatoka, ukoo unaukabili ukoo. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi hata shubiri moja, Siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi saba. Shubiri, ndugu zangu, si heka.

Basi ukitoka msikitini leo, kama lipo jiwe ulilolisogeza, au alilolisogeza marehemu baba yako nawe ukalirithi ukanyamaza, mwite jirani, mwite na mwenyekiti wa kitongoji. Lirudishe mchana, watu wakiona. Mzee wako kule kaburini hana tena mikono ya kulirudisha, wewe unayo.

Aqulu qauli hadha, wa astaghfirullaha li wa lakum.