Dawa, Bei na Amana

Mtu aingiapo duka la dawa huwa amebeba unyonge wa namna tatu. Kwanza, yu mgonjwa, au amemwacha mgonjwa kitandani. Kwa hivyo hawezi kumwambia muuzaji, kama asemavyo mnunuzi wa kanzu, kuwa atarudi wiki ijayo. Pili, haijui bidhaa anayoinunua, kwani kidonge hakipapaswi kama kitambaa wala hakinuswi kama samaki. Tatu, mara nyingi haijui bei yake. Na yule aliye upande wa pili wa meza anayajua yote haya. Basi suala letu la leo ni hili: anapokujia mtu na unyonge huu wa namna tatu, ni kitu gani ulichohalalishiwa kumfanyia? Na yeye mnyonge, ana wajibu gani juu ya nafsi yake?

Suala hili si la kufikiriwa hewani. Na tulitazame mahali panapojulikana. Wengi wetu wa mwambao tuna jamaa waliokwenda bara kwa kazi na biashara, na baadhi yao wako Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza, nao una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe. Mkulima wa huko hushika fedha pamba inapouzwa; lakini homa ya mtoto haingoji msimu wa pamba.

Mwaka 2007, Maswa ikiwa bado ni wilaya ya Shinyanga, lilianza huko jaribio ambalo lafaa tulizingatie sana. Wakati huo dawa mseto ilikwisha kuchaguliwa na Serikali kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa sababu dawa za zamani zilikuwa zimeshindwa nguvu na ugonjwa. Lakini katika maduka ya dawa ya vijijini, katika kila wanunuzi 100 wa dawa za malaria, alikuwapo mmoja tu aliyenunua mseto. Waliobaki walichukua dawa za zamani. Hapo dawa mseto ikafidiwa bei kwa sehemu kubwa, katika Maswa na katika Kongwa ya Dodoma, ikauzwa katika maduka yale yale. Baada ya mwaka mmoja walioinunua walifika 44 katika kila 100, na bei waliyolipa ilikaribia ile ya dawa ya zamani.

Je, twajifunza nini? Twajifunza kuwa watu wale hawakuwa wajinga wala wakaidi. Dawa njema ilikuwa mbali na mikono yao kwa sababu ya bei, ilipoteremshwa, waliichukua. Na walioteremsha bei walionekana na jambo jingine: maduka ya mijini na ya vijiji vikubwa yaliiweka dawa ile kuliko maduka ya pembezoni. Yaani aliye mbali zaidi ndiye aliyebaki nyuma, hata rehema ilipokuwa imekwisha kutolewa.

Sasa na tuirejee sharia yetu. Zamani za Bwana Mtume (s.a.w.) misafara ya vyakula ilikuwa ikitoka mabara kuja Madina. Wako wafanya biashara waliokuwa wakitoka mjini kuilaki njiani, wakanunua mali ya wageni wale kabla hawajafika sokoni wakaijua bei ya siku ile. Mtume (s.a.w.) akakataza jambo hilo, na mwenye mali, akifika sokoni akajua bei, akapewa hiari ya kuivunja biashara ile. Tazama vizuri. Hapana aliyepigwa, hapana aliyeporwa, na pande zote mbili zilikuwa zimeridhia. Basi kosa lilikuwa nini? Kosa lilikuwa ni kuchuma katika kutojua kwa mwenzio, na kumtoa nje ya soko, mahali ambapo hapana mtu wa kumwambia kweli.

Mafakihi nao wamemtazama mtu asiyeijua bei, akamwachia muuzaji kwa kumwamini. Wanamwita mustarsil. Wanazuoni wa Kimaliki na wa Kihanbali wamempa hiari ya kurejesha akipunjwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi kupunjwa peke yake hakuvunji biashara. Lakini hapana madhehebu yaliyohalalisha khiyana. Na kama yuko mustarsil duniani, basi ni mama aliyesimama mbele ya duka la dawa na mtoto mgongoni, akisema: "Mwanangu, nipe iliyo nzuri."

Huenda muuzaji akasema: "Faida ni halali, na Mtume (s.a.w.) alipoombwa aweke bei alikataa." Naam, alikataa, watu walipomlalamikia ughali wa vitu Madina. Lakini aliyekataa kuweka bei ndiye aliyekataza kuilaki misafara, ndiye aliyetia mkono wake ndani ya chungu la nafaka sokoni, vidole vikakuta umaji, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona, na akamtoa mwenye kughushi katika jamaa yake. Bei inayopanda kwa uchache wa kitu ni jambo moja, na bei inayopanda kwa kufichwa kweli ni jambo jingine. Ibn Taymiyya ameipambanua vizuri tofauti hii alipoandika juu ya hisba. Mwenye duka la Meatu anayelipa nauli ya kuleta dawa kutoka mbali ana haki ya kuirejesha nauli yake. Anayemwuzia mtu dawa ya jina kubwa la kibiashara, hali anajua kuwa pale rafuni iko ile ile kwa jina lake la asili na kwa bei ndogo, akanyamaza, huyo amemlaki msafiri nje ya soko, ingawa wote wawili wamo dukani.

Ama mnunuzi, wako miongoni mwetu wanaoona haya kuuliza bei ya dawa, wakidhani ni ubakhili au ni kumfanyia mgonjwa hesabu. Hapana aibu katika kuuliza. Mali yako ni amana, na mgonjwa wa shinikizo la damu au wa kisukari hanunui mara moja. Atanunua kila mwezi maisha yake yote. Lakini anayelinganisha bei na alinganishe kitu kwa kitu kilicho sawa. Kila dawa ina jina lake yenyewe, kama vile amlodipine au metformin, na juu yake kampuni huweka jina la biashara. Tazama jina lile la asili, tazama nguvu yake kwa miligramu, kisha hesabu vidonge. Boksi la shilingi 5,000 lenye vidonge 20 ni ghali kuliko la shilingi 6,000 lenye vidonge 30, kwani la kwanza kidonge kimoja ni shilingi 250, na la pili ni shilingi 200. Wala usibadili dawa kwa hesabu yako peke yako. Mwulize mfamasia au daktari kama hii yasimama mahali pa ile. Na usiununue unafuu kwa kukata dozi. Dozi ya dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Anayenunua 12 hakuokoa nusu ya fedha, amepoteza nusu aliyoilipa, na ugonjwa haukuondoka.

Hapa ndipo twafika kwenye fitina mpya ya zama zetu. Siku hizi dawa haiuzwi dukani tu, yauzwa katika simu. Picha huja katika kundi la ukoo: dawa ya sukari, dawa ya presha, dawa ya kupunguza unene, dawa ya nguvu za kiume, bei ni nusu ya ile ya famasi, tuma fedha kwa namba hii, mzigo utauona katika basi. Haombwi mtu cheti cha daktari, wala haulizwi ana umri gani au anatumia dawa gani nyingine. Na aliye Itilima, ambaye kwenda Bariadi mjini ni nauli na siku nzima ya kazi, huona kuwa amefunguliwa mlango wa faraja.

Hatusemi kuwa simu ni haramu. Biashara ya kitu kilichosifiwa kwa sifa zake inajulikana katika fikihi, na simu yaweza kuwa neema: mtu aweza kuyapigia maduka mawili matatu yanayojulikana, akauliza kama dawa ipo na ni bei gani, kabla ya kupoteza nauli. Kufanya hivi ni kuingia sokoni. Lakini muuzaji asiye na duka, asiye na jina la kweli, ambaye leo yuko na kesho namba yake haipatikani, huyo ndiye aliyetoka kukulaki njiani. Amekutoa mahali penye mashahidi. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuonya kwamba dawa zinazonunuliwa katika tovuti zinazoficha mahali zilipo, zaidi ya nusu yake ni bandia. Na mwaka 2017 likakadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kiasi cha dawa 1 katika kila 10 ni bandia au hafifu.

Huenda ukasema: "Hata madukani na hospitalini bandia huingia." Ni kweli. Mwaka 2012 ziligunduliwa Tanzania dawa bandia za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, nazo zilikuwa zimefika hospitalini. Lakini kwa kuwa zilipita katika njia inayojulikana, zilikuwa na namba ya toleo, zikafuatwa na kuondolewa. Ile iliyotoka kwa mtu asiyejulikana nani ataifuata, na wapi? Mtume (s.a.w.) amefunza kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, akadhuru, yuko katika dhamana. Dhamana haisimami pasipo na mtu wa kushikwa.

Kwa sababu hii wazee wetu katika Uislamu hawakuwaachia wauza dawa peke yao. Vitabu vya hisba, kama kile cha al-Shayzari cha karne ya sita ya Hijria, vina milango khasa ya wauza dawa na watengeneza sharbati, na namna ya muhtasibu kuwakagua. Leo kazi hiyo Tanzania Bara iko kwa TMDA, iliyorithi kazi ya TFDA mwaka 2019, pamoja na Baraza la Famasi. Zanzibar iko kwa Wakala wa Chakula na Dawa. Na kwa ajili ya vijiji yalianzishwa maduka ya dawa muhimu, ya kwanza yakiwa Ruvuma mwaka 2003, yenye wauzaji waliofunzwa na kibali kilichotundikwa ukutani. Basi kitazame kibali. Taka risiti. Tazama tarehe ya kwisha muda na kama kifuniko hakijafunguliwa. Na jua kuwa insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa katika ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Iliyosafiri mchana kutwa katika buti ya basi kwa jua la Simiyu huenda ikawa imekufa, ingawa chupa yake ni ya kweli.

Lakini liko neno moja zito ambalo hatuna haki ya kulipita. Masikini aweza kutwambia: "Ninyi mwasema hayo kwa kuwa mnazo. Mimi afadhali dawa ya shaka kuliko kukosa kabisa." Ndugu msomaji, mtu huyu hafai kukaripiwa. Twamjibu kwa upole kuwa dawa bandia si nusu ya dawa. Mwenye kukosa dawa ajua kuwa hana, na atatafuta. Aliyepewa bandia hudhani ametibiwa, naye akatulia hali ugonjwa unamla. Na pengine ni sumu yenyewe: mwaka 2022 nchini Gambia watoto kiasi cha 70 walifariki, na vifo vyao vikahusishwa na dawa za maji za kikohozi na homa zilizokuwa na kemikali zenye sumu, walizopewa na wazee wao kwa mapenzi.

Lakini jibu hilo peke yake halitoshi, kwani kumwambia mtu asile kilichooza, na wewe hukumpa kilicho kizima, ni nusu ya nasaha. Maswa imetuonyesha kuwa bei ikiteremka watu huchagua vizuri. Basi mwenye kuweza na ateremshe. Msikiti unaokusanya sadaka ya mkeka na taa unaweza kuwa na mfuko wa dawa za wajane. Mwana aliye Tanga au Mombasa anayempelekea mamake Bariadi fedha ya sikukuu, na aipeleke ya dawa kila mwezi, alipe moja kwa moja katika duka linalojulikana.

Na la mwisho latuhusu sisi wenyewe tunaosoma. Ile picha ya dawa ya bei rahisi haikufika Itilima kwa upepo. Ilipita katika mikono ya shangazi, ya binamu, ya jirani mwema, kila mmoja akiipeleka mbele kwa nia njema bila ya kumjua muuzaji. Anayeipeleka amekuwa dalali, hata asipopata ujira. Kwani yule mgonjwa hakumwamini muuzaji, alikuamini wewe. Kabla hujaipeleka, jiulize: ikidhuru, nitamwonyesha nani? Ikiwa huna wa kumwonyesha, basi mwenye dhamana ni wewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape wauzaji wetu insafu, na atujaalie sisi sote kuwa waaminifu kwa wanaotuamini. Amin.