Msimtwishe Mtoto Shida za Nyumba Nzima

Familia moja kutoka Fizi, Kivu Kusini, iliishi miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuhamishiwa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Baba alipata kazi ya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Kiingereza kiliwapiga chenga wazazi. Binti yao wa miaka 15 alikishika upesi, basi kila jambo likawa lake. Bili ya umeme aisome yeye. Mwenye nyumba akipiga simu, ajibu yeye. Hospitalini, daktari alipoona uvimbe tumboni mwa mama, binti ndiye aliyeambiwa, kisha akatakiwa amweleze mama yake.

Usingizi ukampaa. Darasani akasinzia, alama zikashuka. Baba akamkemea: "Sisi kambini tulisomea koroboi na kula unga wa mgao. Wewe unalia nini?" Tangu siku hiyo binti hakumwambia baba yake neno lolote la moyoni.

Shule ikawaita wazazi. Mwalimu alieleza kwa kirefu: mtoto anajitenga, hali chakula, kila mara anajifungia chooni akilia. Aliyetafsiri ni binti yuleyule.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Anasema ninajitahidi, Papa."

Baba akamshukuru mwalimu, wakarudi nyumbani wamefurahi. Wiki iliyofuata binti alizimia darasani, akalazwa. Safari hii hospitali ilileta mkalimani wa Kiswahili kwa njia ya simu, na baba akayasikia yote kwa mara ya kwanza.

Mkalimani huyo wangeweza kumpata tangu mwanzo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani ziwapatie mkalimani wagonjwa wasiojua Kiingereza, na kanuni ya 2016 ilizikataza kumtegemea mtoto kutafsiri, isipokuwa kwenye dharura. Huduma hiyo ni bure kwa mgonjwa. Aliyekosekana ni mzazi wa kuiomba.

Wazazi mlio ugenini, dhiki mliyopitia ni ya kweli, lakini msiifanye kipimo cha machozi ya watoto wenu. Hospitalini na shuleni, ombeni mkalimani mtu mzima. Na mtoto akisema amechoka, mkalisheni, mumsikilize mpaka amalize, ndipo mseme.