Ulimi na Koo ni Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu Waislamu wa pwani, nawaandikia kutoka Shinyanga, ambako nasomesha chuoni na madrasani. Vijana wenu wengi wako huku bara, Kahama na Geita, wakitafuta riziki katika machimbo ya dhahabu. Riziki ya halali ni jambo jema. Lakini wengi hushika pamoja nayo uraibu uuao, na huo ndio niliokusudia kuusema.

Alikuwako huku mzee mmoja, mtu wa pwani, ambaye akisoma Kurani wapita njia husimama. Tangu ujana wake hakukosa ugoro chini ya mdomo. Likamtoka donda kando ya ulimi, halikumwuma, akalinyamazia. Aliona haya kumfunulia tabibu kinywa chake, akasema ni jino. Alipokwenda hospitali, maradhi yalikuwa yamekwisha kushuka shingoni. Siku ya kufa kwake tulimtamkisha shahada. Aliisikia, akainua kidole, lakini ulimi haukuweza tena kuitamka. Mola amrehemu.

Watu wakasema, "Ni kadari." Naam, ajali ni ya Mungu, nasi twaiamini. Lakini tazameni khabari za mataifa. Ufaransa, katika miaka ya 1970, vifo vya wanaume kwa saratani ya kinywa na koo vilikuwa miongoni mwa vilivyo vingi mno katika Ulaya. Watu wakapunguza mvinyo na sigara, na tangu miaka ya 1980 vifo hivyo vikashuka. Hungaria ulevi na sigara vilizidi, na vifo vikapanda hatta miaka ya 1990. Mola wa nchi hizo mbili ni mmoja. Kilichokhitalifiana ni matendo ya watu.

Mwaka 2022 saratani ya midomo na kinywa peke yake iliua watu wapata 188,000 duniani. Ile ya umio, yaani njia ya chakula, iliua wapata 445,000. Na ukanda wake mmoja mkubwa wapita kwetu, tangu Ethiopia na Kenya hatta Tanzania na Malawi.

Sababu za saratani ya kinywa zajulikana: sigara, ugoro, tumbako ya kutafuna, pombe, na popoo ya tambuu, hatta ikiwa haina tumbako. Avutaye na kunywa pamoja, khatari yake huzidi mno. Basi asijidanganye mtu kwa kusema, "Mimi sinywi, natafuna tambuu tu."

Wanazuoni wetu wa Kishafii walikhitalifiana katika tumbako: wako walioiharimisha, wako walioikirihi. Lakini wengi walionena makuruhu walinena madhara yake hayajathubutu. Leo yamethubutu, na Mola katika Suratul Baqara ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Bassi, ashikaye kauli ile ya kale amebakiwa na udhuru gani?

Nami siwaandikii kama mtu aliyesalimika. Nalitafuna tambuu yenye tumbako miaka ishirini, mbele ya wanafunzi wangu. Niliiacha baada ya kumzika mzee yule, na mwezi wa kwanza ulikuwa mzito kwangu kuliko saumu.

Shikeni haya matatu. La kwanza, acheni, kwani khatari hupungua kwa kadiri miaka ipitavyo. La pili, msione haya. Donda la kinywani lisilopona kwa majuma matatu, baka jeupe au jekundu, uvimbe wa shingo, sauti iliyokauka isirudi, chakula kinachokwama: enendeni hospitali, wala msingojee maumivu. Huku bara iko Bugando, Mwanza. Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. La tatu, msimtume mtoto dukani kuwanunulia sigara wala ugoro. Atumwaye leo ndiye mtumiaji wa kesho.

Ulimi tuliazimwa ili tumtaje kwao Mwenye kutuazima. Mola atujaalie tuurudishe kwake ukali mzima, na neno lake la mwisho liwe shahada. Amin.

Wabillahi ttaufiq.